Waranti ya nani? Ukinunua simu au laptopu used, au ukipitia kwa winga

Mdogo wangu alinunua iPhone 11 used mwaka juzi kwa laki nane na nusu, kwa winga (mtu wa kati asiye na duka) mmoja wa Kariakoo, Dar, ambaye alikuwa anamfuatilia siku nyingi kwenye stetasi zake. Akarudi nyumbani ana furaha zake, ana boksi, ana chaja, ana risiti ya mkono imegongwa muhuri na chini yake imeandikwa kwa peni ya bluu "waranti miezi 6". Wiki ya tano simu ikaanza kujizima yenyewe, chaji inasoma asilimia arobaini mara giza. Tukaenda. Winga anasema mzigo ule sio wangu, mimi nilichukua duka la kule ghorofani, twendeni. Ghorofani wanasema sisi mteja wetu ni winga, huyu dada hatumjui, halafu wakaigeuza geuza simu wakasema hii imeanguka, ona hapa pembeni, na kuanguka waranti haihusiki. Tumezungushwa siku mbili. Mwisho mdogo wangu akalipa elfu tisini ya betri kwa fundi mwingine kabisa, na yule fundi alipoifungua ndo akatuonyesha kwamba betri iliyokuwemo haikuwa ya Apple na gundi ya kioo ilishaguswa zamani, kabla hata simu haijafika mikononi mwetu.

Iliniuma sana, sio kwa ile elfu tisini tu, iliniuma kwa sababu ile karatasi tuliiamini. Tangu hapo kila mtu akinipigia anataka kununua kitu used namuuliza swali moja tu, waranti ya nani? Wengi wananijibu "ya miezi sita" au "ya mwaka". Hapo wananiambia muda, mimi nimeuliza mtu.

Ndo kiini chenyewe. Sisi tunaongea kuhusu waranti kana kwamba ni kitu kimo ndani ya simu, kama vile kamera au GB, simu hii ina waranti ile haina. Waranti ni ahadi. Ina mtu aliyeitoa, ina mtu aliyeahidiwa, ina siku ilipoanza kuhesabiwa na ina mahali inapodaiwa. Kimoja kikikosekana hapo unabaki na neno limeandikwa kwa peni ya bluu. Na kwenye biashara ya used, au ya kupitia kwa mtu wa kati, kunakuwa na ahadi mbili tatu za watu tofauti zimechanganywa kwenye neno moja, muuzaji anataja moja na mnunuzi anasikia nyingine.

Ahadi ya kwanza ni ya kiwanda. Apple, Samsung, Dell, Tecno, wote wanapouza kitu kipya wanaahidi kwamba kikiharibika chenyewe ndani ya muda fulani, yaani kwa kosa la utengenezaji, watatengeneza au watabadilisha. iPhone ni mwaka mmoja. Sasa watu wengi wanadhani ukinunua used hii ahadi imekufa kwa sababu wewe sio mnunuzi wa kwanza, na hapo mara nyingi wanakosea, kwa sababu kampuni nyingi za simu na kompyuta zinafuata kifaa, zinaangalia namba ya siriali au IMEI, ile namba ya tarakimu 15 ya kila simu, haziulizi sana jina lako. Kinachokuua ni vitu viwili vingine, saa na mpaka.

Saa imeanza kutembea siku kifaa kilipouzwa au kuwashwa mara ya kwanza, na haisimami eti kwa sababu simu ilikaa miezi minane kwenye droo ya mtu huko Sharjah. Kwahiyo ukinunua leo simu iliyowashwa miezi kumi iliyopita, kiwanda kimekubakizia miezi miwili, hata muuzaji akiandika mwaka mzima kwenye risiti yake. Huo mwaka mwingine ni ahadi ya muuzaji na atajibeba mwenyewe, kiwanda hakihusiki. Hata simu mpya ya boksi inaweza kuwa saa yake ishaanza, kuna maduka wanafungua boksi wanaiwasha kucheki halafu wanafunga plastiki upya, wewe unaona boksi limebana kabisa unajua ni mpya ya leo.

Mpaka ndo unaotuumiza zaidi sisi wa huku. Mzigo mwingi wa simu kali unaokuja Dar, Zanzibar, Mombasa na Nairobi unapitia Dubai, na mwingine unatoka Uingereza na Marekani, ndo zile Wakenya wanaita ex-UK. Simu ni halisi kabisa, imetoka kiwandani, hamna feki pale. Ila kiwanda kiliiuza kwa soko la nchi nyingine, na masharti ya iPhone yanasema wazi kwamba Apple wanaweza kukomea kuihudumia kwenye nchi ilikouzwa mara ya kwanza. Samsung nao wanaenda kwa nchi na kanda. Yaani simu inaweza kuwa halisi, mpya, na waranti yake bado iko hai, na bado ukaambiwa huku hatuitengenezi bure, ipeleke ilikotoka. Muuzaji akikuapia kwamba "hii ni ya Apple wenyewe ina waranti ya mwaka" anaweza asiwe anadanganya hata kidogo, waranti ipo kweli, ila ipo Dubai. Na Apple wenyewe hawana duka lao hata moja Afrika Mashariki, kuna wauzaji na mafundi waliopewa idhini tu, hao ndo utakaokwenda kupambana nao.

Usifikirie pia kwamba jamaa yako ataipeleka kirahisi. Simu yenye betri iliyovimba au inayochemka hakuna kampuni ya vifurushi inayoipokea kwa moyo mweupe, betri za lithiamu zina masharti magumu kwenye ndege, na ile inayosemekana ni mbovu ndo kabisa.

Simu za Tecno, Infinix na itel ziko tofauti kidogo na nadhani ndo maana watu wa kawaida wanazipenda. Kampuni yao imeweka vituo vyake vya matengenezo, Carlcare, huku huku, Dar ipo, Nairobi ipo, unaingia na simu wanaangalia IMEI wanakuambia hii bado au hii imekwisha. Ukinunua Tecno used ya miezi minne kwa mtu aliyeinunua dukani hapa hapa mjini na akakupa na risiti yake ya kwanza, umenunua na kipande cha waranti ndani yake. Ukinunua iPhone ya umri huo huo iliyotoka nje, hicho kipande kinaweza kuwa hakikufai kitu. Watu wanalinganisha bei za used bila kuliweka hili kwenye mizani, na lina thamani ya hela kabisa.

Sasa unajuaje saa imefika wapi? Kwa iPhone ingia setingi, halafu General, halafu About. Pale kuna namba ya siriali, iandike kwenye ukurasa wa Apple wa kuangalia waranti, checkcoverage.apple.com, utaona kama bado ipo na inaisha lini. Fanya hivyo ukiwa dukani, simu ikiwa mkononi mwako, usitumiwe picha ya skrini, picha inaweza kuwa ya simu nyingine. Ukurasa huo huo wa About una namba ya modeli, angalia herufi ya kwanza. Ikianza na M iliuzwa mpya, ikianza na F ilirudishwa Apple wakaifanyia ukarabati na kuiuza tena, ikianza na N ni simu aliyopewa mtu badala ya iliyoharibika, na P ni ile iliyochorwa maandishi wakati wa kununua. Herufi za mwisho zinakupa soko, LL ni Marekani, J ni Japani, B ni Uingereza. Mtu anakuambia "mpya ya boksi" halafu modeli inaanza na N, hapo mnahitaji kuongea upya, na bei iongee upya pia.

Shuka chini kidogo hapo hapo. iPhone za miaka ya karibuni zina sehemu inayoorodhesha vipuri vilivyobadilishwa, kuanzia mfumo wa iOS 15.2 kwenda juu. Kwa XS na XR inaonyesha betri, kwa 11 inaonyesha betri na kioo, kwa 12 kwenda mbele na kamera inaingia. Kama kipuri sio cha Apple au hakikufungwa kwa njia yao, simu yenyewe inakuandikia kwamba haikitambui. Simu ya mdogo wangu ilikuwa inaandika hivyo siku ile ile tuliyoinunua. Nimekuja kuikuta baadaye kwenye picha ya skrini aliyomtumia rafiki yake kumuonyesha simu mpya, maneno yapo pale chini yanasomeka, na sisi hatukuwa tunajua pa kuangalia.

Nyingine ya sekunde kumi, toa trei ya laini, washa tochi ya simu nyingine, chungulia ndani ya kile kitundu. Kwenye iPhone kuna kijistika kidogo mle, kikiwa cheupe au cha fedha sawa, kikiwa chekundu simu imeingia maji, na maji hayamo kwenye waranti ya kiwanda. Kwa Samsung kuna kitu kinaitwa Knox, aliyekuwa nayo akichezea mfumo wake wa ndani kinageuka kutoka 0 kwenda 1 na hakirudi tena hata ukifuta simu yote, njia nyepesi ya kushtukia ni kujaribu kufungua lile folda la siri (Secure Folder), likikataa kabisa kufunguka uliza kwa nini.

Kwa IMEI yenyewe, bonyeza *#06#, linganisha na boksi. Tanzania unatuma zile tarakimu 15 kwenda 15090 unaletewa jina na modeli, likija jina tofauti na simu uliyoshika achana nayo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walizima simu feki Juni 2016, Kenya walishafanya yao 2012, na Kenya unatuma kwenda 1555. Hii sio waranti moja kwa moja, lakini simu ambayo IMEI yake ni ya simu nyingine hakuna kiwanda duniani kitakachokusikiliza.

Laptopu zina hadithi yake. Zile EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo na Latitude za Dell zinazojaa madukani kwetu zikitoka Ulaya, nyingi zilikuwa za makampuni. Kampuni kubwa inanunua au inakodi mashine mia tano kwa mkupuo, kwa kawaida na waranti ya miaka mitatu, na waranti ikikaribia kuisha ndo wanazitoa na kuleta mpya, kwa sababu hawataki kuanza kulipia matengenezo. Kwahiyo ukikuta laptopu ya kampuni imefika Kariakoo au Luthuli ya Nairobi waranti imekwisha, jua sio bahati mbaya, imefika hapo kwa sababu imekwisha. Chache zinatoka mapema au zilikuwa na waranti ya miaka mitano, na hizo ni dhahabu. Dell wana namba ya herufi na tarakimu saba iliyobandikwa chini ya mashine, unaiandika kwenye tovuti yao unaona waranti inaisha lini na iliuzwa nchi gani, na wanaruhusu kuhamisha umiliki kwa kujaza fomu mtandaoni, umiliki na nchi pia. HP na Lenovo nao unaweka siriali unaona. Hakikisha tu namba ya stika ni ile ile inayoonekana ndani ya BIOS, yaani setingi za mashine zinazofunguka kabla Windows haijawaka, maana makava yanabadilishwa kama nguo. Na kama BIOS ina paswedi ambayo muuzaji haijui, au mashine ukiiunganisha na intaneti inaanza kukuambia inasimamiwa na kampuni fulani, hiyo iache hata wakikupa kwa nusu bei.

Haya, ahadi ya pili ni ya muuzaji. Hii ndo ile ya peni ya bluu, na kwa kitu used huku kwetu hii ndo waranti unayonunua kwa kweli, kwa hiyo inastahili kusomwa kama mkataba maana ndivyo ilivyo. "Waranti miezi 6" bila maneno mengine haisemi chochote. Miezi 6 ya nini? Kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa hela? Maduka mengi wakisema waranti wanamaanisha fundi wao ataiangalia bila kukutoza ufundi, kipuri unalipa. Wengine wanamaanisha kubadilishiwa ndani ya siku saba na baada ya hapo ni fundi. Zote ni halali kama mmekubaliana, shida ni pale kila mtu ana yake kichwani. Halafu ile orodha ya visivyohusika, kioo, maji, kuanguka, betri, chaji, spika, ukitoa vyote hivyo kwenye simu used umebakiwa na nini? Betri na kioo ndo vitu vinavyokufa kwenye simu used. Waranti isiyogusa betri kwenye simu ya miaka minne mimi naihesabu kama haipo, na nasema hivyo mbele ya muuzaji ili tushushe bei, kwa heshima kabisa, bosi hapo waranti hamna basi tuongelee bei ya bila waranti.

Kuna na ile ya "fundi mwingine akifungua waranti imekufa". Kwa duka la used ina mantiki yake, hawajui fundi gani kagusa nini. Ila na wewe una haki ya kuuliza, je nyie mliifungua kabla ya kuniuzia? Muulize hivyo hivyo, na jibu liandikwe.

Sasa tuje kwa winga. Kwa ambao hamko Dar, winga ni yule kijana au dada ambaye hana duka wala mzigo, anapiga picha bidhaa za maduka ya watu anaziweka mtandaoni na cha juu chake, ukilipia anakwenda kuchukua anakuletea. Nairobi mtamwita broka. Sina ubaya nao, wengi ni wachapakazi na wana macho makali kuliko mimi na wewe, na kwa mtu wa Songea au Bukoba asiyefika Kariakoo winga ndo duka lake. Tatizo liko kwenye mnyororo wa ahadi. Duka limemuuzia winga, winga kakuuzia wewe. Waranti ya duka ameahidiwa winga. Wewe una ahadi ya winga. Ndo maana ghorofani walituambia huyu dada hatumjui, na nikiwa mkweli kwa upande wao hawakuwa wanamjua.

Namna ya kulinyoosha ni kabla ya kulipa. Winga anaweza kusimama kwa namna mbili. Akikuuzia kwa jina lake na bei yake basi yeye ndo muuzaji, anabeba yote, na risiti au hata meseji ya WhatsApp iseme hivyo, mimi fulani nimekuuzia simu yenye IMEI hii, ikisumbua ndani ya siku hizi unanirudishia mimi. Au awe ni mtu wa kukuunganisha tu, hela yake ya kazi unampa pembeni, na risiti ya duka inaandikwa jina lako na IMEI yako, kwa Tanzania iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ambayo ina jina la biashara na TIN, yaani namba ya mlipa kodi. Namna ya pili ni bora sana kwako japo mawinga wengi hawaitaki kwa sababu utaona bei ya duka. Akikataa zote mbili, yaani hataki kuwa muuzaji na hataki umjue muuzaji, basi hakuna mtu upande wa pili wa ahadi, unanunua kwa imani tupu na bei iwe ya imani tupu.

IMEI kwenye risiti naomba niirudie kwa sababu watu wanaipuuza. Risiti inayosema "iPhone 11, 64GB, nyeusi" inafaa kwa kila iPhone 11 nyeusi mjini. Muuzaji akisema sio hii niliyokuuzia huna pa kushika. Namba 15, dakika moja kuandika.

Ahadi ya tatu hakuna anayekutajia dukani, ni ya sheria. Tanzania tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, Kenya wana yao ya Sura ya 31, na zinafanana kwa sababu zote zimetoka kwenye sheria moja ya Kiingereza ya 1893. Hata kama risiti haina neno waranti popote, sheria inachukulia mambo fulani yamo kwenye mauzo. La kwanza, muuzaji awe na haki ya kuuza, kwahiyo simu ikigundulika ni ya wizi na polisi wakaichukua, aliyekuuzia unamdai hela yako hata kama na yeye aliuziwa. La pili, ukinunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, kitu kiwe na ubora wa kustahili kuuzwa. Used haitegemewi kuwa kama mpya, lakini simu inayojizima wiki ya tano tena kwa betri iliyobambikwa, hapo pana hoja.

Angalia mambo haya mawili vizuri. "Mtu ambaye biashara yake ni kuuza" maana yake jirani yako aliyekuuzia TV yake kwa sababu anahama habanwi na hilo la ubora, duka linabanwa. Kwahiyo bei ya mtu binafsi inatakiwa iwe chini kuliko ya duka, unanunua na hatari yake. La pili ni kwamba ukikikagua kitu kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulitakiwa uione. Ufa kwenye kioo umeuona ukanyamaza, umeukubali. Watu wengine wakisikia hivyo wanasema bora nisikague, hapana, kagua, halafu ulichokiona kiandikwe kwenye risiti, "kioo kina mkwaruzo kulia juu, mengine yote yanafanya kazi". Sentensi hiyo moja inakulinda wewe na inamlinda na yeye.

Lile bandiko la "mali ikishauzwa hairudishwi" linafaa ukibadilisha mawazo tu, umenunua nyeusi sasa unataka nyeupe. Kenya, Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 inasema kabisa kifungu chochote kinachojaribu kufuta zile ahadi za sheria ni batili. Tanzania ukikwama kuna Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji chini ya sheria ya 2003, na kuna mahakama ya mwanzo. Kenya wana Mahakama ya Madai Madogo, madai yasiyozidi shilingi milioni moja ya kwao na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, mwenye laptopu ya elfu sabini anaweza kwenda bila wakili. Najua wengi hatutafika huko kwa ajili ya simu. Lakini kuongea na muuzaji ukiwa unajua kwamba haumwombi msaada, unadai, sauti inabadilika hata bila kufoka.

Kwa wenye ndugu Ulaya kuna kitu nataka mkijue. Uingereza mnunuzi ana siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kupewa hela yake yote, kwa sheria ya 2015, na nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika miaka miwili kwa kitu kipya, na kwa used wanaweza kukubaliana ishuke lakini isiwe chini ya mwaka mmoja. Hizo haki ni nzuri mno, ila ni za yule aliyenunua, dhidi ya yule aliyemuuzia. Simu ya ex-UK haiji nazo kwenye begi. Ila kama shangazi yako wa Leicester ndo amekununulia dukani kule akakutumia, yeye bado anazo, mwambie asitupe risiti, na simu ikisumbua mapema irudi kwake na msafiri, yeye ndo akaidai.

TV na friji nitasema kidogo tu. Waranti zake karibu zote hazigusi umeme uliopanda na kushuka, na huku kwetu ndo unaoua vitu hivyo, kwahiyo kifaa cha kulinda umeme kina faida kuliko miezi ya waranti. Na kitu kilichotoka Marekani au Japani angalia nyuma kimeandikwa volti ngapi, kikisoma 100 au 120 peke yake ukakichomeka kwenye 230 yetu kinakufa siku hiyo hiyo, na hakuna duka wala kiwanda kitakachokulipa.

Mwezi uliopita mdogo wangu kanunua tena, laptopu ya shule ya mwanae, Latitude, duka tofauti. Nilikaa pembeni sikusema kitu. Aliomba mashine iwashwe, akalinganisha namba ya stika na ya ndani, akaiangalia kwenye simu yake, waranti ya Dell imekwisha Februari, sawa. Akamwambia muuzaji, kaka naomba uandike. Yule kaka akaandika, jina lake, jina la mdogo wangu, zile namba saba, "betri inakaa saa mbili na nusu, mimi nimeipima, siku 14 kubadilisha, miezi 3 fundi na kipuri juu ya duka, isipokuwa maji na kuvunjika". Akaisoma yote tena kwa sauti, muuzaji akacheka akasema dada wewe ni wakili nini, akagonga muhuri, akatoa na ya EFD. Karatasi zote mbili akazipiga picha pale pale kwenye kaunta akanitumia na mimi nizihifadhi, maana wino wa risiti ya mashine unafutika baada ya miezi michache.